Siku Tasnifu Inapokabidhiwa Maktaba

Mwanafunzi wa uzamili au uzamifu aliyekwisha kuitetea tasnifu yake huwa macho yake yote yako kwenye joho. Jopo limemhoji, masahihisho ameyafanya, wasimamizi wametia saini, na nakala za jalada gumu zimechapwa jina lake mgongoni kwa herufi za dhahabu. Kilichobaki ni fomu ya kuaga chuo, ile inayozungushwa ofisi hadi ofisi ikikusanya mihuri, na mojawapo ya ofisi hizo ni maktaba. Maktaba inataka faili ya tasnifu ili iiweke kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Faili inaletwa kwa CD, kwa flashi au kwa baruapepe, muhuri unagongwa, na mwenye kazi anaondoka kwenda kupima joho.

Meza hiyo ambayo karibu kila mtu huipita mbio ndiyo inayoamua kama utafiti wa miaka mitatu au minne utapata msomaji. Ubora wa utafiti pekee hautoshi, na programu iliyo kwenye seva ya chuo haifanyi miujiza. Kinachoamua ni jinsi ikisiri ilivyoandikwa, maneno ya kutafutia yaliyochaguliwa, jina la mwandishi lilivyoingizwa, leseni iliyokubaliwa, na kurasa zilizoachwa ndani au kutolewa. Mambo haya huamuliwa kwa dakika chache, na mara nyingi huamuliwa na mtu asiyeijua kazi yenyewe kwa kuwa mwenyewe ana haraka. Hasara yake ni kubwa, na inaweza kuzuiwa bila kununua kitu chochote.

Kakamega ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, MMUST kwa ufupi, kina mizizi yake katika WECO, chuo cha harambee cha miaka ya 1970 kilichojengwa kwa michango ya watu wa Magharibi ya Kenya. Mwaka 2002 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili chenye jina la Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki mwaka 1992. Leo kina hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa kwa programu ya DSpace, na humo huwekwa tasnifu za elimu, za afya, za sayansi, na za usimamizi wa majanga, taaluma ambayo chuo kimeipa skuli yake yenyewe. Wale waliotoa shilingi zao za harambee, pamoja na watoto na wajukuu wao, ndio wanaojaza hojaji za tasnifu hizo. Wana haki ya kujua majibu yao yalifikia wapi.

Maarifa yaliyohama

Kwa muda mrefu yaliyoandikwa juu ya Kakamega yalikuwa yakihama. Mwanaanthropolojia Mjerumani Günter Wagner alifanya utafiti wake Magharibi ya Kenya katika miaka ya 1930, na kitabu chake juu ya Wabantu wa Kavirondo ya Kaskazini kikaanza kutoka mwaka 1949, kikachapishwa Uingereza. Msitu wa Kakamega, ambao ndio mabaki pekee ya maana nchini Kenya ya misitu ya mvua ya ukanda wa Kongo, umechunguzwa na wanasayansi wa kila bara. Mtafiti Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, amekuwa akiwafuatilia kima wa msitu huo tangu mwaka 1979. Hii ni kazi ya thamani na sina neno nayo. Lakini mwenyeji wa Shinyalu anayeishi ukingoni mwa msitu, akitaka kusoma yaliyogunduliwa juu ya miti anayoiona kila asubuhi, mengi atayakuta katika majarida ya kulipia kwa dola.

Palikuwa na njia nyingine, nayo ilionyeshwa mapema. Mwanahistoria Gideon Were alipochapisha historia yake ya Abaluyia mwaka 1967, alitoa mwaka huohuo kitabu cha pili chenye masimulizi yenyewe aliyoyakusanya kwa wazee wa Magharibi. Aliyetaka kumpinga alikuwa na maneno ya mashahidi mbele yake. Mjukuu aliyetaka kujua babu yake alisema nini aliweza kufungua na kusoma. Kwangu mimi huo ndio mfano wa juu kabisa wa kukabidhi utafiti, na ulifanyika kabla ya kompyuta kufika katika meza zetu.

Watafiti wengi waliofuata hawakuwa na mchapishaji. Tasnifu zao zilichapwa nakala chache, moja ikaenda idarani, nyingine kwa msimamizi, nyingine kwenye rafu ya maktaba yenye sharti la kusomewa humohumo ndani. Msomaji wa Lodwar au Mombasa angelazimika kupanda basi. Ndiyo sababu utafiti uleule ulirudiwa chuo hiki na kile, kwa hojaji zilizofanana, bila mmoja kujua kwamba mwenzake ameshamaliza. Umoja wa Vyuo Vikuu vya Afrika, wenye makao yake Accra, uliliona tatizo hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaanzisha DATAD, mradi wa kukusanya taarifa za tasnifu za vyuo vya Afrika. Mwaka 2002 taasisi ya MIT na kampuni ya Hewlett-Packard zilitoa DSpace, programu ya bure ya kuhifadhi kazi za kitaaluma ambayo chuo chochote kinaweza kuiweka kwenye seva yake. Mwaka huohuo Azimio la Budapest likaeleza kwa mara ya kwanza, kwa upana unaofahamika leo, maana ya utafiti ulio wazi kwa kila msomaji. Vyuo vikuu vya Kenya vikaifuata DSpace kimoja baada ya kingine, na Nairobi na Kenyatta vina maelfu ya kazi humo.

Anayedhani karatasi ndiyo salama zaidi na aitazame Cape Town. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliichoma maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya makusanyo yake ya taaluma za Afrika ikateketea. Vilivyokuwa vimepigwa picha na kuwekwa kwenye mitambo viliokoka. Ila faili nayo si salama kwa sababu tu ni faili. Seva moja katika chumba kimoja, katika mji ambao stima hupotea bila taarifa, ni hatari ileile kwa sura nyingine. Chuo kinachotaka watu wakiamini kinapaswa kuweka nakala za tasnifu nje ya Kakamega, na kupima mara kwa mara kama nakala hizo zinafunguka. Wakutubi wanalijua hili vizuri. Wanaopanga bajeti ndio wa kukumbushwa.

Ndani ya fomu

Sasa tuikaribie fomu yenyewe. DSpace humwuliza anayeweka kazi achague kwanza mkusanyo, yaani skuli na idara. Kisha inamtaka jina la mwandishi, kichwa cha kazi, mwaka, ikisiri, maneno ya kutafutia na lugha. Baadaye faili inapandishwa, leseni inasomwa na kukubaliwa, na mkutubi anaikagua kabla ya kuifungulia umma. Ikishakubaliwa, kazi hupewa kiungo cha kudumu ambacho hakibadiliki hata chuo kikibadilisha anwani ya tovuti yake. Kiungo hicho ndicho cha kuandikwa kwenye wasifu wa kazi na kwenye marejeleo. Anwani ndefu inayoonekana juu ya kivinjari inaweza kufa mwaka unaofuata.

Jina linaonekana jambo dogo. Lakini Magharibi ina akina Wekesa, Wafula na Nekesa wasiohesabika, na mtu huyohuyo anaweza kuandikwa kwa jina la ukoo mbele katika tasnifu yake, kwa herufi za kwanza tu katika makala yake ya kwanza, na kwa jina la mume katika makala ya pili. Mtambo wa kutafuta utamhesabu kuwa watu watatu. Dawa yake ni nambari ya ORCID, inayopatikana bure tangu mwaka 2012, ambayo hufungamanisha kazi zote na mtu mmoja. Kujisajili ni suala la dakika chache, na ni vizuri kufanywe kabla ya tasnifu kuwekwa, ili nambari iingie humo tangu mwanzo.

Maneno ya kutafutia ndipo wengi wanapoikosea kazi yao bila kukusudia. Tuseme mtu ametafiti mukombero, ule mzizi unaouzwa barabarani Kakamega na kutafunwa na wazee kwa vijana. Katika kichwa cha tasnifu ameandika *Mondia whitei*, na katika maneno ya kutafutia ameandika mimea, dawa za asili na Kenya. Mtaalamu wa mimea wa Nigeria atampata kwa jina la kisayansi. Mkulima wa Isecheno anayetaka kuupanda badala ya kuung'oa msituni hatampata kamwe, kwa sababu neno pekee analolijua halimo. Kuliongeza neno mukombero, pamoja na jina la lokesheni na la msitu, ni kazi ya sekunde kumi. Hali ni hiyohiyo kwa anayeandika juu ya zebaki katika machimbo madogo ya dhahabu: bila jina la Ikolomani, kazi yake itachanganyika na nyingine elfu za Ghana na Tanzania. Mtu wa kulijua hilo ni mtafiti mwenyewe aliyekanyaga udongo huo, na ndiyo maana sipendi kuona mhudumu wa saiba akimjazia fomu.

Kisha kuna lugha, na hapa nina lalamiko langu. Katika fomu ya DSpace kama inavyotoka kwa watengenezaji, orodha ya lugha ina Kiingereza, Kihispania, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kijapani, Kichina na nyingine chache. Kiswahili hakimo. Chuo kisipokiongeza chenyewe, tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu kuanzia tabaruku hadi viambatisho huingia chini ya "nyingine", au vibaya zaidi, huachwa kama Kiingereza. Anayetafuta baadaye tasnifu zote za Kiswahili za Afrika Mashariki hataiona. Kukiongeza Kiswahili ni kuhariri mistari michache katika faili ya mipangilio, na fundi wa maktaba anaweza kuimaliza kazi hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Faili yenyewe ina masharti yake. Kurasa zilizopigwa picha kwa skana bila kugeuzwa kuwa maandishi haziwezi kutafutwa ndani. Mtambo unaona picha tu. Miongozo ya Google Scholar inataka faili isizidi megabaiti 5, na tasnifu yenye picha za msitu zisizopunguzwa ukubwa hupita kiwango hicho mara kadhaa. Tena yupo msomaji wa simu anayenunua bando za shilingi ishirini. Faili nzito humlia bando lake lote kabla hajafika sura ya pili. Ni bora kuitoa PDF moja kwa moja kutoka kwa programu ya kuandikia, kupunguza picha, na kuskani ukurasa wa saini peke yake, kama ni lazima.

Hofu za wanafunzi

Hofu ya kwanza ni kwamba kazi ikiwa wazi itaibwa. Ninaielewa, kwa sababu biashara ya kuwaandikia wengine kazi za chuo imeota mizizi Kenya na kila mtu anajua anayeifanya. Hata hivyo naona hoja hiyo imesimama kichwa chini. Tasnifu iliyo kwenye rafu ndiyo rahisi kuibwa, kwa maana hakuna mtambo unaoweza kuilinganisha na nyingine. Iliyo wazi mtandaoni ina tarehe, ina kiungo, na programu za kukagua wizi wa maandishi zinaisoma. Atakayenakili sura yake ya nne atanaswa na chuo kingine kabla hata mwenyewe hajajua. Na huenda wanaoogopa zaidi mwanga huo wakawa wale ambao sura zao zilitoka kwingine.

Hofu ya pili ni ya majarida. Miongozo ya mwaka 2014 ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilimtaka mwanafunzi wa uzamifu awe na makala mbili katika majarida yenye wahakiki, na wa uzamili awe na moja. Kwa hiyo wanafunzi huuliza: jarida halitasema kazi imeshachapishwa? Wachapishaji wakubwa, Elsevier akiwemo, hawahesabu tasnifu iliyo kwenye hifadhi ya chuo kuwa uchapishaji wa awali. Yapo majarida yenye msimamo tofauti, hivyo kusoma sera ya jarida husika hakukwepeki. Anayehitaji muda anaweza kuomba tasnifu yake ifungiwe kwa miezi sita au mwaka, na DSpace ina uwezo huo: ikisiri ionekane, faili isubiri. Shida ni kwamba wengi hawaambiwi kwamba zuio la muda lipo, au wanaliomba bila kikomo kwa sababu ya woga tu.

Lipo kundi moja ambalo kwao zuio ni la lazima. Mwanafunzi wa uhandisi au kemia aliyebuni kitu kinachoweza kupewa hataza asiruhusu tasnifu ifunguliwe kabla ya kuwasilisha ombi lake. Sheria za hataza za Ulaya hazisamehi: kilichokwisha kutangazwa si kipya tena, hata kama aliyekitangaza ni mvumbuzi mwenyewe.

Hofu ya tatu inahusu umiliki. Wanafunzi wengi huamini kwamba kwa kuikubali leseni wamekipa chuo tasnifu yao. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki huanza kwa mwandishi, na hudumu hadi miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Mwanafunzi si mwajiriwa wa chuo, ingawa sera ya chuo au mkataba wa mfadhili huweza kuongeza masharti, na hayo yasomwe. Leseni ya kawaida ya DSpace inakipa chuo ruhusa isiyo ya kipekee ya kuihifadhi kazi na kuisambaza. Mwandishi anabaki na haki ya kuigeuza kitabu, kuitoa makala au kuitafsiri. Na hapa kuna jambo la kujihadhari nalo kuliko leseni ya maktaba: muda mfupi baada ya tasnifu kuonekana mtandaoni, barua za sifa huanza kumiminika kutoka kwa kampuni za ng'ambo zinazoahidi kuichapisha kama kitabu bila malipo. Hazihakiki, hazihariri, na bei zinayoiuzia hakuna mtu wa Kakamega atakayeimudu. Ambaye tasnifu yake tayari inasomwa bure na dunia nzima hana sababu ya kuzipa sahihi.

Yasiyofaa kwenda mtandaoni

Uwazi una mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo naona inasahauliwa zaidi. Fungua kurasa za mwisho za tasnifu nyingi. Baada ya marejeleo kuna hojaji, kisha kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), barua kutoka ofisi ya kaunti, ramani, na wakati mwingine orodha ya waliohojiwa: majina, vijiji, nambari za simu. Kuna picha za wakulima wakitabasamu mbele ya nyumba zao. Katika tasnifu za afya huweza kuwamo maneno ya mgonjwa yaliyonukuliwa yakiwa na umri wake, kazi yake na jina la zahanati anakotibiwa. Katika kijiji chenye familia mia mbili, hayo yanatosha kumtambua hata kama jina limefichwa.

Palipokuwa na nakala nne tu za karatasi, madhara yalikuwa madogo. Mtandaoni ukurasa huohuo husomwa na jirani, mwajiri na mwenye kukopesha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na aliyejibu hojaji akiahidiwa usiri hakuridhia kuwekwa wazi duniani. Utafiti juu ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, juu ya waliobakwa wakati wa ghasia, au juu ya wakulima waliokuwa wakiidai kampuni ya sukari ya Mumias hadi ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, unahitaji mtu aupitie ukurasa kwa ukurasa kabla ya kupandishwa. Saini za wasimamizi nazo hazina haja ya kuonekana. Picha safi ya saini ni zawadi kwa mghushi. Njia iliyo rahisi ni kuwa na faili mbili, moja kamili kwa maktaba na watahini, nyingine ya umma isiyo na viambatisho vya majina.

Halafu kuna ujuzi usio wa mtu mmoja. Mganga wa jamii ya Idakho au Isukha anapomwonyesha mwanafunzi mti fulani, jinsi ya kuuchemsha na kiasi cha kunywa, anampa kitu alichopewa na waliomtangulia. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na usemi wa kitamaduni inataka ridhaa ya jamii itolewe kabla, kwa kuelewa, na inazipa kaunti jukumu la kuweka rejista za maarifa hayo. Tasnifu iliyoweka kila kichocheo wazi imeifungulia mlango kampuni yoyote ya dawa duniani. Sisemi kazi hizo zifichwe. Msitu huohuo umeonyesha faida ya maarifa yakitumiwa na wenyewe: kikundi cha wakulima cha Muliru kililima mmea wa dawa nje ya msitu, kikashirikiana na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kutengeneza dawa ya kuchua, na mwaka 2010 kikapata Tuzo ya Ikweta. Kinachotakiwa ni mtafiti kurudi kwa mganga na kumwuliza hasa: hili niliandike kwa chuo tu, au kwa kila mtu? Jibu lake liandikwe kwenye fomu ya kuweka tasnifu. Fomu nyingi hazina nafasi ya jibu hilo, na hilo ndilo pengo ningelianza kuliziba kama ningekuwa mkutubi.

Ngoma ya isukuti ni mfano wa upande mwingine. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wapigaji wanazeeka na vijana wanaoirithi ni wachache. Hapa kufungia tasnifu yenye rekodi, miundo ya midundo na maelezo ya kutengeneza ngoma kungekuwa kuidhuru. Kila kazi ipimwe kwa hali yake, kwa hiyo sera moja ya kufungua zote au kufunga zote ni uvivu wa kufikiri.

Kurudi kwa waliohojiwa

Tukifika hapa swali linabaki: nani hasa anasoma? Masharti ya kibali cha NACOSTI yanamtaka mtafiti awasilishe ripoti yake ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na chuo kikuu cha umma ni taasisi ya umma. Kwa karatasi, mambo yako sawa. Lakini tasnifu ya kurasa 180 kwa Kiingereza cha kitaaluma, hata ikiwa bure, bado iko mbali na mkulima wa miwa wa Mumias na mhudumu wa afya wa kijiji wa Malava. Aliyeiandika aliwahoji kwa Kiswahili au kwa Kiluhya. Majibu yao yaligeuzwa Kiingereza, yakachambuliwa kwa Kiingereza, na yakabaki huko.

Pendekezo langu ni la gharama ndogo. Kila tasnifu iwe na ikisiri ya pili ya Kiswahili, ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa msomaji wa kawaida: tuliuliza nini, wapi, tukapata nini, na nini kifanywe. Katiba hiyohiyo imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na wahadhiri wa Kiswahili wamo chuoni. Mwanafunzi asiyeweza kueleza matokeo yake kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili huenda hajayaelewa vya kutosha, na wasimamizi wangelijua hilo mapema zaidi kama wangeidai ikisiri hiyo kabla ya utetezi. DSpace inaruhusu ikisiri zaidi ya moja, kila moja ikiwa na alama ya lugha yake, kwa hiyo hakuna kizuizi cha kiufundi.

Ukurasa huo ndio wa kuchapwa na kupelekwa kwa chifu, kwenye zahanati, kwa chama cha wakulima, na kwenye maktaba ya umma mjini Kakamega, ukiwa na kiungo cha kudumu chini yake kwa anayetaka kusoma zaidi. Gharama ni ya karatasi chache na nauli ya bodaboda. Kaunti nayo ingefaidika, kwani maofisa wake huagiza tathmini za maji, barabara na malaria ilhali wanafunzi waliokwisha kuyatafiti hayo wako umbali wa mwendo wa miguu kutoka ofisi zao, kwenye barabara ya Webuye.

Haya yote hayawezekani ikiwa maktaba itaendelea kukutana na tasnifu siku ya mwisho. Mkutubi aingie mapema, wakati pendekezo la utafiti linapopitishwa, ili mwanafunzi ajue tangu hapo kwamba ridhaa anayoiomba kwa wahojiwa lazima itaje uwekaji wa mtandaoni, kwamba picha zitahitaji ruhusa, na kwamba uamuzi wa zuio una sababu zake. Mafunzo ya nusu siku kwa kila kundi jipya la uzamili yangetosha kuanzia. Na muhuri wa maktaba kwenye fomu ya kuaga chuo utolewe baada ya mwanafunzi na mkutubi kuketi pamoja mbele ya skrini, wakasoma jina, ikisiri zote mbili, maneno ya kutafutia na kurasa za viambatisho, kisha mwanafunzi mwenyewe akabonyeza kitufe cha kuwasilisha.